Shubiri Moja Isiyoshonwa

Nyanya,

Swali nililoshindana nalo muda mrefu, na ambalo nilidhani chuo kingenisaidia kulijibu, ni hili: siku ile yule mtafiti alipokuja kwako Shika Adabu, kule Likoni, akakuuliza habari za mkeka, ulimdanganya nani? Yeye, au mimi?

Shikamoo. Nimetanguliza swali kabla ya salamu, na najua ungenikemea. Huu ni mwezi wa tano tangu uondoke, na naona kwamba sehemu kubwa ya adabu zangu ilikuwa ikikaa kwako. Mimi nilikuwa nikiiazima tu kila nilipokuja.

Nakuandikia chumbani kwangu Kisauni. Ni Jumapili mchana. Jirani wa kushoto anafua na wa kulia amewasha redio, na wote wawili ni watu wema, lakini hakuna hata mmoja anayeniita mke mwenzangu. Babu alikuwa akiniita mke wake mdogo, nawe ukanipokea kwa jina hilo bila wivu, na hata alipotutangulia hukuliacha. Sasa mume kaenda, mke mkubwa kaenda, amebaki mke mdogo katika ndoa isiyo na mtu.

Simu yako anayo mama mdogo Halima. Sikubadilisha jina. Kila anaponipigia, kioo huandika "Nyanya", na kwa muda wa pumzi moja huwa nasahau. Kisha huja sauti ya mwanao, nzuri, yenye haraka, ikiniuliza kama nitakuja wikendi. Sijamwambia kwamba ile pumzi moja ndiyo inayonifanya nisiibadilishe.

Nirudi kwenye swali. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, shule zimefungwa, nawe umeniweka kwako kama ilivyokuwa desturi. Ulikuwa barazani ukishona mkeka. Kili za miyaa ulikuwa umekwisha kuzisuka, ndefu kama mikanda, na sasa ulikuwa ukiziunganisha moja baada ya nyingine kwa ile sindano yako pana na uzi wa nailoni ulioufumua kwenye magunia. Yule mtafiti alikuja na mkoba na kinasa sauti, akavua viatu bila kuambiwa, jambo ulilolisifu baadaye, akapewa chai ya tangawizi na mahamri kwa mbaazi. Aliuliza mengi. Ulijibu mengi. Halafu akaona kwamba mkeka ulikuwa umekamilika isipokuwa pembe moja, ambapo ukili wa mwisho ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha shubiri moja. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha kupima kila neno, kwa nini hapo hapakushonwa.

Mimi nilijua kwa nini. Uzi ulikuwa umekwisha. Asubuhi ile ulinituma dukani nikanunue mwingine, nikakuta duka limefungwa, nikarudi mikono mitupu. Nilikuwa tayari kumweleza mgeni hayo, nikafungua mdomo, nawe ukanikanyaga kidole cha mguu chini ya leso. Ukasema kwa utulivu kabisa: "Huu ni mkeka wa maiti. Hapo ni njia. Akilazwa, pumzi yake ya mwisho itokee hapo, isizunguke nyumbani ikitafuta mlango."

Akaandika. Akakushukuru kwa mikono yote miwili. Alipopotelea kwenye kona ya msikiti ulicheka hata ukajifuta machozi kwa pindo la leso. Nikakuuliza mbona umemwambia hivyo. Ukanijibu maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Mtu katoka kwao mbali, avue viatu, anywe chai yangu, halafu nimpe 'sijui'? Sijui haiandaliwi mgeni, mke mwenzangu."

Basi mimi nikakua na hakika hiyo. Nilijua jambo moja duniani ambalo wasomi hawalijui.

Unakumbuka nilipokuja kukuambia kwamba nitasoma tamaduni na masuala ya jamii asilia. Uliniuliza jamii asilia ni nani, nikakwambia ni sisi, Wadigo na ndugu zetu, na wengine wengi kila nchi, watu waliokuwapo mahali kabla ya wengine kufika na kuwapangia. Ukafikiri. Ukasema, "Kwa hivyo unakwenda kufundishwa wewe ni nani." Nilicheka, nikadhani umefanya mzaha. Muda mwingi wa mwaka wa kwanza sikucheka. Darasani tuko ishirini na kitu, na mimi pekee ndiye niliyetoka katika jamii iliyomo ndani ya vitabu tunavyosoma. Tulisoma habari za ardhi, wazee wanaodai mashamba waliyozaliwa juu yake. Tulisoma habari za misitu na makaburi. Wenzangu waliandika kwa bidii. Mimi nilikuwa nikisoma na huku nikisikia sauti za majirani zetu nyuma ya kila ukurasa, na sikuwa na mtu wa kumnong'onezea, "Huyu anayesemwa hapa, namjua, ana mdomo huyo." Ni upweke wa ajabu kuzungumzwa mbele yako na watu wanaokuheshimu.

Kisha mhadhiri akatupa sura ya kitabu kuhusu mazishi ya pwani. Nikaikuta aya moja, katikati ya ukurasa: mwanamke mmoja mzee wa Likoni, mkeka wa maiti, pembe iliyoachwa wazi, njia ya pumzi. Jina lako halikuandikwa. Halikuhitajika, nilisikia hata mwendo wa sauti yako. Mwenzangu mmoja wa kutoka bara akasema kwamba hajawahi kusoma jambo zuri kama hilo kuhusu kifo. Mhadhiri akauliza kama yupo mtu wa jamii hiyo anayeweza kuongeza neno.

Nikainua mkono, Nyanya. Nikasema, "Huyo ni nyanya yangu, na huo ni uongo. Alikuwa ameishiwa uzi."

Darasa zima lilicheka. Mhadhiri hakucheka, aliniangalia kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Baada ya kipindi akaniita, akaniambia kwamba tasnifu yangu ya uzamili nimekwisha kuipata: jinsi jibu la adabu linavyogeuka kuwa mila likishaingia kitabuni. Nilitoka pale nikitembea juu ya vidole. Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo, kuwa mtu wa kwetu kulikuwa kumenipa kitu badala ya kunitenga.

Nikakupigia simu. Nilitaka ucheke tena kama siku ile.

Hukucheka. Nilisikia kuku wako, nikasikia mtu akipita na mkokoteni wa maji. Ukauliza, "Uliwaambia nimesema uongo? Mbele za watu?" Nikaanza kueleza, kwamba si kwa ubaya, kwamba ni utafiti, kwamba jina lako halikutajwa. Ukaniacha nimalize. Ukasema, "Haya. Msomi ni wewe." Kisha: "Ukija, tutazungumza." Kisha ukaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, nawe ukakata.

Kisauni na Shika Adabu si safari. Kuna bahari katikati, na feri, na uvivu wa mtu anayedhani mzee wake atakuwapo. Sikuja Ijumaa ile, wala iliyofuata, wala ya tatu. Nilikuwa nikiandika pendekezo la tasnifu, kurasa kumi na mbili juu yako, na niliona kwamba ni bora nije nikiwa nimelimaliza. Nilikuwa maktaba, asubuhi, ninarekebisha tanbihi, kioo kilipoandika "Nyanya", nikatabasamu, nikaenda kuipokea nje. Ilikuwa ni mama mdogo Halima. Alisema jina langu tu. Nikajua.

Sasa nakusimulia yale usiyoyaona, maana ulikuwa umelala.

Nilipofika, kina mama walikuwa wamekwisha kuingia chumbani. Mama mdogo alipanda kiti akateremsha kutoka darini mkeka wako mwenyewe, ule uliousuka kwa ajili yako miaka iliyopita na kutuonyesha sote, ukisema kwamba hutaki kulazwa juu ya kazi ya mkono usioujua. Ulikuwa mzuri. Rangi ya zambarau ilikuwa bado haijafifia. Walipoukunjua nikaona pembe moja haikushonwa, kiasi cha shubiri moja.

Sikufikiri, Nyanya. Au nilifikiri kupita kiasi. Moyo wangu uliniambia: maskini, hakuwahi kuumaliza. Nikauona mkebe wako wa sindano dirishani, nikautwaa, nikatunga uzi, nikapiga magoti pembeni ya kitanda nikaanza kushona. Ndicho kitu pekee nilichoweza kukufanyia. Sindano ilikuwa imekwisha kupita mara tatu mama mdogo aliponishika mkono.

"Wewe! Unamfungia nani njia?"

Bi Saumu, jirani yako, aliyekuwa amebeba ndoo ya maji, aliiweka chini akaniangalia kwa huruma ambayo ilinichoma kuliko ukali wa mama mdogo. Akasema, "Mwacheni. Huko chuoni wamemfundisha mambo ya wenzetu, ya kwao wamesahau kumfundisha." Mmoja akacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachotoroka. Mama mdogo akainama, akazikata zile nyuzi tatu kwa meno, akazitoa moja moja, akatandaza mkeka. Wakakulaza. Mimi nilikuwa nikitazama mahali nilipotoboa. Uzi ulikuwa umetoka, lakini matundu yalibaki.

Baada ya hitima niliwauliza. Niliuliza kwa heshima, bila kalamu. Mama mdogo alisema amejifunza kwako, na hajui wewe ulijifunza kwa nani. Bi Saumu alisema mamake alifanya hivyo huko Mtongwe, kabla yeye Bi Saumu hajaolewa. Dakika chache baadaye, akipepeta mchele, akasema labda si mamake. Labda ni wewe uliyemwambia kwamba mamake alifanya hivyo, na tangu hapo amekuwa akimwona hivyo katika kumbukumbu. Hakusumbuliwa hata kidogo na tofauti hiyo. Mimi ilinikosesha usingizi wiki nzima.

Kwa hivyo nikajijengea maelezo, kama nilivyofunzwa. Nikasema: siku ile nyanya alibuni jibu kwa ajili ya mgeni, jibu likampendeza, akaanza kulifuata mwenyewe, akawafundisha wenzake, na leo ni mila. Ni maelezo mazuri. Yanaingia katika tasnifu bila kugonga mlango. Nilikwisha kuyaandika.

Halafu, baada ya arobaini, nilikwenda nyumbani kumsaidia mama mdogo kupanga vitu vyako. Nyumba imebadilika. Chumba cha mbele amekigeuza jiko la mahamri, watu hupanga foleni barazani pale pale ulipokuwa ukikaa. Kuku amewagawa, isipokuwa yule jogoo mwenye kilema, ambaye hakuna aliyemtaka na sasa analala juu ya kinu chako kama mrithi. Tulikuta mikeka saba. Nikaikagua yote, pembe kwa pembe, mama mdogo akiniuliza natafuta kunguni gani. Yote imeshonwa hadi mwisho. Hata ule mdogo wenye jina langu, uliokuwa ukiniwekea kwa siku ya harusi ambayo ulikuwa ukiitaja kuliko mimi. Mkebe ulikuwa umejaa uzi.

Nikamwambia mama mdogo, angalau siku ile ya yule mtafiti najua uzi ulikuwa umekwisha, maana mimi ndiye niliyetumwa dukani.

Akanikazia macho. "Uzi? Wewe ulitumwa sukari. Mgeni alikuwa anakuja na nyumbani hamna sukari. Tulikunywa chai kwa tende, nakumbuka mpaka leo, na mama alinuna siku nzima. Tena mkeka ule alikuwa akiushona kwa msiba wa jirani."

Nimejaribu kurudi barabara ile, Nyanya. Nimejaribu kujiona nikienda dukani, na kila nikijiona mkono wangu umeshika sarafu, mdomo wangu unarudia neno nililotumwa ili nisilisahau, na neno lenyewe silisikii. Nasikia midomo tu. Nimejenga kurasa tisini juu ya neno hilo.

Na sasa naogopa jambo jingine. Nyinyi hamkuwa mkitaja mauti mbele ya watoto. Sisi tuliambiwa fulani "amesafiri", fulani "amekwenda kwao". Mgeni alikuuliza mbele yangu jambo la maiti, na mgeni hanyimwi jibu, basi ukamjibu kweli. Kisha ukabaki na mtoto wa miaka kumi ambaye angelala usiku akifikiri juu ya pumzi inayozunguka nyumba ikitafuta mlango. Ukacheka. Ukacheka hata machozi, ukampa mtoto mzaha achukue badala ya hofu. Kama ni hivyo, kicheko kile ulinifunika nacho kama leso, na mimi nikakiondoa kichwani nikakionyesha darasani kama ushahidi dhidi yako.

Lakini sina hakika. Yawezekana nayataka maelezo haya kwa sababu yananiumiza, na mwenye kosa hupenda maelezo yanayomuumiza. Humfanya ajione mwaminifu. Na maelezo ya kwanza bado yana nguvu. Bi Saumu bado hamkumbuki mamake sawasawa. Ulinikanyaga kidole, na mtu hakanyagi kidole cha mtoto kwa ajili ya ukweli. Au hukanyaga? Wewe ulikuwa ukinikanyaga kwa mambo mengi.

Wiki iliyopita nilimwendea mhadhiri nikamweleza yote, hata matundu matatu. Alisikiliza vizuri. Mwishoni akasema kwamba huruma yangu anaielewa, ila tasnifu haiwezi kuhitimishwa kwa "sijui". Nichague upande mmoja niutetee, kwa kuwa nafasi hii ya kuwasilisha haitapatikana tena mwaka huu. Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nikidanganya. Nilikuwa nimekwisha kuamua, ila sikutaka kumwacha mikono mitupu. Umeona nilivyokurithi?

Nitakavyofanya ni hivi. Jumatano nitasimama katika darasa lile lile, mbele ya watu wale wale walionisikia, na nitasema kwamba nilimwita nyanya yangu mwongo kwa ushahidi wa safari ya dukani nisiyoikumbuka. Nitasema hivyo kwa jina langu. Lako sitalitaja, isipokuwa uwe umeniruhusu kwa njia nisiyoijua. Kisha nitaandika sura ya mwisho upya, na pale penye hitimisho nitaandika neno ulilokataa kumwandalia mgeni. Wakilipokea, vyema. Wasipolipokea, nitakuwa nimepoteza mwaka, na mwaka hurudi.

Mkeka wa harusi nimekuja nao huku Kisauni. Nauketia ninapokuandikia. Nimechukua na miyaa iliyobaki, na mama mdogo ananifundisha kusuka ukili Jumamosi. Nasuka vibaya. Anasema ukili wangu unatembea kama mlevi wa Mtongwe. Nakuahidi nitaendelea hadi nitoe mkeka mmoja mzima, na pembe ya mwisho nitaiacha mpaka nijue la kufanya nayo.

Swali langu la mwanzo bado liko pale pale, na nafikiri litabaki, na sababu si kwamba umekufa tu. Hata ungekuwa hai, hata ningekuja Ijumaa ile ya kwanza nikakaa miguuni pako nikakuuliza, ungenijibu. Hukuwahi kumnyima mtu jibu. Lakini nisingejua umemjibu nani. Tangu siku niliyokupigia simu nikiwa na lugha ya chuo mdomoni, nahofia nilikuwa nimekwisha kuvuka kizingiti, nimekuwa mmoja wa wale wanaovua viatu na kuandaliwa kitu kizuri. "Ukija, tutazungumza." Hivyo ndivyo mtu husema na mgeni.

Kinachonishikilia ni neno la mwisho. Kabla ya kukata uliniuliza kama nimekula. Mgeni hakuwahi kuulizwa hivyo nyumbani kwako, Nyanya. Mgeni huwekewa sahani. Anayeulizwa ni mtoto wa nyumba.

Nilikwambia ndiyo. Sikuwa nimekula. Lala salama, mke mwenzangu. Mungu akupanulie njia, na akusamehe, na anisamehe zile sindano tatu.

Mke mdogo wako,
Mwanamisi